Pauni Mbili za Kumrudisha Kelsey Nyumbani

Watu wa Leyburn, mji wetu mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, wakikuambia kwamba Neville Thackray ni mcheza kamari, wapuuze. Mcheza kamari hutaka kushinda. Neville ameweka dau miaka minane huku akiomba Mungu dau hilo liliwe, na lilipoliwa alikwenda baa akawanunulia watu bia kwa furaha. Wakubwa wa mbio za farasi walimtafutia jina mtu wa namna hiyo, wakalipata, nalo si jina zuri. Mimi ninayemjua tangu enzi za nywele zake ningesema ni baba aliyechoka kuogopa.

Anaendesha lori la maziwa. Kabla hakujapambazuka yuko barabarani, anapita shamba kwa shamba, anafungua kifuniko cha tangi la mkulima, anainamisha kichwa na kunusa. Asiponusa vizuri, maziwa yaliyoharibika ya shamba moja yanachafua lori zima, na lawama ni yake. Kisha anavuta bomba, anaunganisha, anasimama kwenye baridi akisubiri. Miaka thelathini na ushei ya kusimama kwenye matope imemwachia magoti yanayolia kama mlango wa banda. Mchana yuko nyumbani, buti ziko mlangoni, chai mkononi, na televisheni iko kwenye mbio.

Hakuwa mpenzi wa mbio hizo mpaka mtoto wake alipozipenda. Kelsey ni binti yake wa pekee. Alijifunza kupanda juu ya farasi mdogo, mzee na mkaidi, wa mmoja wa wakulima wale wa maziwa, na alipomaliza shule tu akahamia Middleham kwenye mazizi ya mkufunzi, kuzoa mavi na kupanda. Sasa anapanda mbio za kuruka viunzi. Katika mbio hizi mpanda farasi haulizi kama ataanguka. Anauliza ni lini, na ni farasi gani atakayempitia juu. Pale mazizini wana desturi yao: ukiangushwa, unawanunulia wenzako wote keki. Mwaka wake wa kwanza Kelsey alinunua keki mpaka mwokaji akaanza kumpunguzia bei. Na siku ya mbio hakuna anayekuambia "kashinde." Wanakuambia "rudi salama," basi, na wanageuza uso.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kila mzazi ana pa kuuficha. Denise, mama yake Kelsey, ambaye ni mpishi wa shule ya msingi, hajawahi kutazama mbio hata moja. Jina la binti yake likitajwa tu kwenye televisheni, anapiga magoti jikoni na kusugua oveni. Oveni ile ni safi kiasi kwamba daktari angeweza kumpasulia mgonjwa humo.

Neville yeye alitazama. Siku ya mbio ya kwanza kabisa ya Kelsey, kwenye uwanja wa Sedgefield, alipitia duka la kubeti kwa majivuno ya baba, akaweka pauni kumi kwamba mwanawe atashinda, na akamwonyesha mhudumu picha yake. Kwenye kiunzi cha tatu farasi alijikwaa, Kelsey akarushwa, na farasi wa nyuma akampitia. Mtulinga ukavunjika. Neville alikaa hospitali na ile tiketi mfukoni, na kila alipoigusa alijiona kama yeye ndiye aliyemsukuma. Mambo hayaendi hivyo, sote tunajua. Lakini nenda kamweleze mtu aliyekaa kwenye kiti kile.

Aliyempa dawa, au sumu, ni Trevor Dinsdale, dereva mwenzake, mtu asiyeweza kunyamaza hata mazishini.

"Nev, bado unabeti dukani na vile vikalamu vyao kama babu yangu?" alimwuliza siku moja wakiosha malori. "Amka, bwana. Kuna soko kwenye simu."

"Soko la nini?"

"La dau. Hakuna mwenye duka. Mimi nasema farasi fulani atashinda, wewe unasema hatashinda, tunapeana mikono bila kuonana, na wenye soko wanakata chao kidogo. Farasi, uchaguzi, theluji ya Krismasi, nani atakuwa waziri mkuu, vyote vimo."

"Ngoja kwanza. Mtu anaweza kuweka pesa kwamba farasi hatashinda?"

"Ndiyo raha yenyewe! Wakikimbia kumi, tisa wanashindwa. Wewe kaa upande wa tisa. Mbona umenikodolea macho? Nimekuuzia ng'ombe kilema?"

Mfupa wa Kelsey ulipopona na akarudi mbioni, baba yake alikwishafungua akaunti kwenye soko lile. Aliweka pauni mbili, dau dogo kuliko yote ambalo soko lile lilikubali, kwamba mwanawe hatashinda. Kelsey alimaliza wa nne, juu ya farasi, mzima. Usiku ule Neville alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa wiki kadhaa.

Basi ikawa ndivyo. Hakumwambia mtu, wala hakuwa na maneno mazuri ya kulieleza jambo lenyewe, lakini kichwani mwake alikuwa anaiambia bahati: chukua ushindi, niachie mifupa. Mwanawe akishinda, yeye alilipa, tena alilipa mara kadhaa ya zile mbili, na alilipa huku anaimba. Kelsey aliendelea kuanguka, bila shaka. Ila aliinuka, na kuinuka huko ndiko Neville alikokuwa anakulipia. Lilimchosha. Lilikuwa kazi ya pili isiyo na likizo: lori limeegeshwa pembeni mwa barabara, mvua inapiga kioo, vidole vimekufa ganzi, naye anabonyeza simu kabla mbio hazijaanza.

Akaunti aliifungua kwa jina lake kamili na anwani ya nyumba yake, maana hakuona cha kuficha. Kanuni zilikuwepo, ndefu kama treni ya mizigo, na ndani yake ilikuwemo ile inayosema kwamba watu wa nyumba ya mpanda farasi hawana ruhusa ya kuweka dau la kushindwa kwake. Neville alifanya tunachofanya wote. Alibonyeza "nakubali."

Pauni mbili haziamshi mtu. Kilichowaamsha wakaguzi wa mbio ni pauni ishirini za mbio za Hexham.

Asubuhi ya siku ile ya Hexham, Kelsey alimpigia baba yake kama kawaida yake. Wakati ule Neville alikuwa katika shamba la tatu, bomba liko mkononi.

"Baba, leo nimepewa farasi jike mmoja simpendi. Haangalii anakoruka. Jana kamwangusha kijana mazoezini, yuko hospitali. Mama usimwambie."

"Mkatalie."

"Nikikataa huyu, yule mzuri wa mwezi ujao atapewa mwingine. Unajua ilivyo."

"Najua. Rudi salama, mwanangu."

Neville aliona mbili hazitatosha. Hofu ilikuwa kubwa, na sadaka ikawa kubwa. Mchana, kabla ya kiunzi cha mwisho, Kelsey alihisi mguu wa yule jike unakwenda vibaya, akavuta hatamu na kumsimamisha. Daktari wa farasi alimkuta anachechemea kweli. Denise akaacha oveni, Neville akacheka peke yake sebuleni mpaka machozi yakamtoka, na kwenye simu yake pauni ishirini za mtu asiyemjua zikaingia. Sasa litazame jambo hilo ukiwa umekaa ofisini London: binti amesimamisha farasi, na baba amelipwa.

Baada ya siku kadhaa Kelsey alikuja nyumbani bila kupiga simu, akasimama jikoni hajavua koti. Denise alikuwa anamenya viazi, Neville yuko mezani na pai yake ya nyama.

"Baba, una akaunti ya kubeti?"

"Ninayo."

"Unanibetia mimi?"

"Ndiyo."

"Nishinde?"

Neville aliweka uma chini.

"Baba. Nishinde?"

"Hapana."

"Mungu wangu, Nev," Denise alisema.

"Wakaguzi wamenionyesha kurasa na kurasa za dau," Kelsey alisema. "Wakaniuliza, unamjua huyu? Nikawaambia ni makosa, kuna mwizi kaiba jina la baba yangu. Niliwagombeza, Baba! Wale watu wazima niliwapigia kelele!"

Neville alijaribu kueleza. Sedgefield, tiketi, hospitali, bahati na mifupa. Alipomaliza, yeye mwenyewe alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kijinga yakiwa nje ya kichwa chake.

"Watu wa mji huu wananicheka kwa oveni yangu," Denise alisema. "Haya, oveni yangu imeshampeleka nani kwa wakaguzi?"

"Mama, tafadhali."

"Simtanii. Namwuliza."

Kelsey alivuta kiti, akakaa, na sauti yake ikashuka. "Wakiamini nilimzuia farasi ili wewe ule, leseni imekwenda. Si ya mwezi, ya miaka. Na nikirudi nani atanipa farasi? Nina miaka ishirini na sita na sijui kazi nyingine yoyote." Kisha akasema, "Zile mbili mbili, wakili wa chama chetu anasema anaweza kuzieleza. Hexham hawezi. Watauliza kwa nini siku ile tu. Watauliza kama nilikwambia kitu."

Wote watatu walijua kwamba alimwambia.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Kule mazizini wapanda farasi waliozoea kuchanga petroli na Kelsey ghafla kila mmoja alikuwa na gari lake. Mmoja alimwachia keki kwenye kabati lake, na juu ameandika kwa sukari "kwa baba." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, kwa maneno yao, kwa sauti ya kusikika. Neville naye alinusa maziwa bila kuyanusa. Mara moja alisahau kufunga bomba, akasimama akitazama maziwa yanatiririka uani kwa mkulima, mpaka mkulima akaja kulifunga bomba mwenyewe na kumwambia aende nyumbani akalale.

Alikuwa ameamua kusema uongo. Atawaambia kwamba siku ya Hexham alikunywa, akabonyeza vibaya, na Kelsey hakumwambia lolote. Alifanya mazoezi ndani ya lori, peke yake, kwa sauti. Denise alimjulia tu.

"Usijaribu, Nev. Wewe ukidanganya masikio yanakuwa mekundu. Hata mimi uliponiambia keki yangu ya harusi ilikuwa tamu niliyaona."

"Nikisema kweli namwangamiza."

"Na ukidanganya wakakushika?"

Neville alikwenda chumbani kutafuta suti yake.

Baba na binti walikwenda London kwa treni, Neville katika suti ya mazishi. Chumba cha wakaguzi kilikuwa na meza ndefu na watu watatu, na aliyekaa katikati alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mpole wa sauti, ambaye Neville alimwogopa kuliko wale wanaume wawili. Aliulizwa, akajibu. Alieleza Sedgefield. Mwanamume mmoja alishika kidevu ili asicheke.

"Bwana Thackray," alisema huyo, "unatuambia kwamba ulikuwa unalipia binti yako asiumie?"

"Ndiyo, bwana."

"Na uliona inafanya kazi?"

"Huyo hapo amekaa, bwana."

Mama mwenye mvi aliandika kitu. "Tumezitazama mbio zote za binti yako zilizotutia shaka," alisema. "Hatujaona mahali alipomzuia farasi asiyestahili kuzuiwa. Lakini siku ya Hexham uliweka mara kumi ya kawaida yako. Kwa nini?"

Neville alifungua mdomo. Maneno aliyoyafanyia mazoezi yalikuwa tayari, moja nyuma ya jingine. "Siku hiyo nilikuwa nimekunywa kidogo," alianza, na akahisi masikio yake yanapata moto.

"Hakunywa," Kelsey alisema.

Wakili wake alimgusa mkono. Kelsey akautoa.

"Hanywi siku za kazi, anaendesha lori. Nilimpigia asubuhi, nikamwambia yule jike simwamini na naogopa. Ni baba yangu. Nikiogopa nimpigie nani, mkufunzi? Mwenye farasi? Nikimwambia mwenye farasi naogopa, kesho sina kazi. Sikujua kwamba anabeti. Kama kumwambia baba yako unaogopa ni kosa, basi nimekosa, andikeni."

Waliandika. Waliwatoa nje, wakawaacha kwenye viti vya ukumbini muda mrefu, kisha wakawaita. Kumwambia mtu wa nje habari za farasi kabla ya mbio ni kosa, hata kama mtu huyo ni baba, na kwa kosa hilo Kelsey alisimamishwa mpaka mwisho wa majira ya baridi. La kupanga mbio walimwondolea. Leseni ilibaki yake. Neville alipigwa marufuku kubeti farasi na kukanyaga uwanja wowote wa mbio kwa miaka mitatu. Alimshukuru yule mama kana kwamba amepewa zawadi.

Kwenye treni Kelsey alilala, au alifumba macho. Walipofika kituo cha Northallerton mvua ilikuwa inanyesha na giza la jioni ya Januari limeshaanza kuingia. Gari la Neville lilikuwa maegeshoni. Waliingia, wakafunga milango, na Kelsey, aliyekaa kwenye usukani kwa kuwa baba yake alikuwa amechoka sana, hakuwasha injini.

"Nashukuru," Neville alisema. "Na nisamehe."

"Nimekusamehe toka juzi. Si hilo." Aliushika usukani kwa mikono miwili. "Baba, nikimaliza wa mwisho, mwenye farasi ananinunia. Mkufunzi ananinunia. Narudi kwenye gari, nimejaa matope mpaka mdomoni, nakupigia wewe. Na wewe kila mara unacheka. Kila mara. Unafurahi kama nimeshinda. Wenzangu nilikuwa nawaambia, ninyi mna baba wanaowauliza kwa nini umeshindwa, mimi baba yangu anafurahi tu."

"Nilifurahi kwa sababu uko mzima."

"Nataka kuamini hivyo."

"Kelsey. Pauni mbili? Unadhani nacheka kwa ajili ya pauni mbili?"

"Sidhani. Lakini siwezi kujua. Sasa nikikumbuka sauti yako najiuliza ni nani aliyekuwa anacheka, baba yangu au mtu ambaye dau lake limeingia." Alimgeukia. "Nisaidie. Nitajie mbio moja ambayo hukuweka. Moja tu. Halafu nitakumbuka siku hiyo nilivyokupigia, na ulivyocheka, na itanitosha."

Neville alitafuta. Alitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu. Alikumbuka alipopasuliwa goti, akaona mwanga, kisha akakumbuka kwamba alimwomba muuguzi amsogezee simu. Alikumbuka mazishi ya mama yake Denise, Kelsey alipokuwa kwenye mbio za uwanja wa Kelso, na akajiona amesimama nyuma ya kanisa ameipa mvua mgongo, anabonyeza. Alikumbuka siku mtandao ulipokatika bonde letu zima, na jinsi alivyoendesha mpaka Richmond kuutafuta. Hakuiacha hata moja. Angeogopa kuiacha.

"Hakuna, mwanangu," alisema.

Kelsey alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua, akawasha gari, na wakarudi nyumbani.